Injini ikishapata moto inakataa kuwaka: tulikwama Ukunda mchana kutwa

Mwanafunzi_Mikindani
Jumamosi, saa 2:15 usiku

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Mimi ni mwanafunzi wa urubani hapa Mombasa, nina saa 19 za kuruka kwenye daftari. Leo yamenikuta mambo ambayo sijayaelewa. Mwalimu alikuwa na mwanafunzi mwingine akimngoja, akaniambia tutazungumza Jumatatu, nami naona Jumatatu iko mbali.

Asubuhi tuliondoka uwanja wa Moi kwa Cessna 172, hii yenye injini ya injekta, isiyo na kabureta. Iliwaka bila shida: swichi kuu, pampu ya umeme, miksha (kishikio cha kupimia mafuta yanayochanganyika na hewa) mbele mpaka mshale wa mafuta ukapanda, miksha nyuma, ufunguo. Propela haikumaliza hata mizunguko minne, injini ikashika. Tukaenda zetu Ukunda, tukatua, tukaegesha, mwalimu akaingia kuonana na mtu kwa nusu saa hivi. Ilikuwa yakaribia saa saba, na kaskazi mnaijua: upepo upo, lakini jua linaunguza. Niliweka kiganja juu ya boneti nikakiondoa upesi.

Wakati wa kurudi nilifuata hatua zilezile za asubuhi, moja baada ya nyingine, na cheklisti pajani. Haikushika. Nikadhani ina njaa ya mafuta, nikarudia na pampu nikaiacha muda mrefu zaidi. Haikushika. Mara ya tatu stata ikaanza kuchoka, sauti ikawa nzito, na harufu ya mafuta ikaingia mpaka tulipokaa. Mwalimu akasema, "Toa mkono." Akazima kila kitu, akashuka, akainama chini ya boneti. Kulikuwa na matone ya samawati yakidondoka chini, tone, kisha tone. Akanishusha, tukakaa mbali na ndege robo saa nzima.

Hapo ndipo akaja mzee mmoja wa palepale, mtu wa heshima na nia njema. Akasema zamani alikuwa akiwasaidia marubani, betri ikiwa hafifu yeye anaivuta propela kwa mkono mara moja tu na injini inaamka. Akanyoosha mkono akalishika panga la propela. Mwalimu wangu sijapata kumsikia akipaza sauti, lakini siku ya leo alimpigia mzee wa watu kelele mpaka mimi nikaona haya. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu! Swichi kuu imezimwa. Hatari ilikuwa wapi?

Mwishowe mwalimu aliiwasha mwenyewe. Alikanyaga breki kwa nguvu, throto, kile kishikio cha nguvu ya injini, akaisukuma mbele karibu nusu, miksha akaiacha nyuma kabisa, akazungusha. Ilikaa kimya, ikakohoa, kisha ikashika kwa kishindo, naye papo hapo akarudisha throto na kusukuma miksha. Mikono yake ilikwenda kasi sikuweza kufuata.

Naomba mnieleze. Kwa nini iliwaka asubuhi ikakataa mchana kwa hatua zilezile? Na yule mzee alikosa nini?

---

Mtwapa_Juu
Jumamosi, saa 2:50 usiku

Pole kaka. Hiyo ni mvuke umekaa kwenye mirija ya mafuta, ni kawaida ya injini za injekta kwenye joto letu. Ukiegesha, elekeza pua kwenye upepo, fungua kile kifuniko kidogo cha kupimia oili joto litoke juu, na kama huna haraka, ngoja. Injini ikipoa itawaka kama asubuhi.

Kuhusu yule mzee, mimi naona mwalimu alizidisha. Miaka ya zamani ndege ndogo nyingi ziliwashwa kwa mkono na watu hawakufa wote. Mzee wa umri ule hafokewi mbele ya kijana.

---

Fundi_wa_Magongo
Jumamosi, saa 4:05 usiku

Wa aleikum salaam mwanangu. Na wewe Mtwapa_Juu, la mvuke umesema kweli, na la kifuniko ni zuri. Lakini la mzee nitalipinga kwanza kabla ya mengine yote, kwa sababu hilo ndilo linaloweza kumzika mtu.

Nimestaafu, lakini miaka 31 nimeshika spana kwenye ndege ndogo za pistoni, nyingi zikiwa Cessna. Kijana ameuliza: ufunguo uko mfukoni, hatari iko wapi? Hatari iko kwenye magneto.

Gari lako linapata cheche kutoka kwa betri. Ukikata umeme, cheche hakuna. Injini ya ndege hizi haitaki betri. Ina magneto mbili zinazozungushwa na injini yenyewe, kila moja ina sumaku na koili yake, na kila silinda ina plagi mbili. Betri ni ya stata, taa na redio. Ndiyo maana ndege ikipoteza umeme wote angani injini inaendelea kunguruma. Ni jambo jema sana huko juu. Huku chini maana yake ni hii: yeyote anayeizungusha propela anaizungusha na magneto, na magneto ikizunguka inatengeneza cheche, awe ni stata au ni mkono wa mzee.

Basi ufunguo unafanya nini? Unapouweka kwenye kuzima, unaiunganisha magneto na athi kwa waya mmoja mwembamba, ili umeme wake umwagike kwenye bodi badala ya kwenda kwenye plagi. Kazi ya ufunguo ni hiyo tu. Sasa fikiri. Waya ule ukikatika, au nati yake ikalegea nyuma ya magneto, magneto haina njia ya kumwaga, inabaki hai. Kwenye gari, waya ukikatika injini inakufa. Kwenye ndege, waya ukikatika injini haifi. Na hakuna taa itakayokuambia.

Nilikuwa na miaka 24. Karakana siitaji, imeshafungwa. Mwenzangu alitaka kuisogeza propela kidogo tu, ilale sawa, ili tuingize ule mkono wa kuvutia ndege. Rubani alikuwa amekwenda kunywa chai, na ufunguo kaweka mezani, nauona mpaka leo, una kibati chekundu. Mwenzangu akashika panga kwa vidole, hata hakutumia nguvu. Nikasikia *tak*. Ile ni sauti ya kifaa cha springi kilicho kwenye magneto, kinachoishikilia kisha kuiachia kwa ghafla, ili hata mzunguko wa polepole utoe cheche kali. Silinda moja ilikuwa imebakiwa na mafuta. Ilipiga mara moja tu. Injini haikuwaka hata kuwaka, panga lilizunguka nusu duara likasimama. Mfupa wa mkono wake ulivunjika mahali pawili. Tulimfunga kwa leso ya mama aliyekuwa akituuzia mahamri, tukampakia kwenye gari. Alipona, lakini mkono ule haukunyooka tena.

Jioni nilifungua boneti mwenyewe. Waya wa athi wa magneto ya kushoto ulikuwa umekatika nyuzi zote isipokuwa mbili, palepale unapoingia kwenye nati. Ukiuangalia kwa juu uko mzima, maana plastiki ilikuwa haijakatika.

Kwa hiyo mwalimu wako hakumvunjia mzee heshima. Alimrudishia mkono wake. Na mzingatie kwamba leo kule Ukunda injini ilikuwa imejaa mafuta mpaka yanadondoka, na ya moto. Huwezi kupata hali inayopenda kupiga zaidi ya hiyo.

Waya huo mnaweza kuupima kila siku, bila spana. Kabla ya kuzima, injini ikiwa inazunguka polepole kabisa, peleka ufunguo kwenye kuzima kwa nukta moja kisha urudishe. Injini lazima ionyeshe kufa. Ikiendelea kunguruma kana kwamba hukugusa kitu, kuna magneto hai. Zima kwa miksha, funga kamba propela, bandika karatasi, muite fundi. Vilevile mnapopima magneto kabla ya kuruka: mnazima moja, mizunguko inashuka kidogo, mnafurahi. Wanafunzi wengi huogopa ikishuka sana. Mimi huogopa zaidi isiposhuka kabisa. Kutoshuka si afya. Maana yake ile uliyodhani umeizima bado inafanya kazi.

Sasa la mchana.

Juu kabisa ya injini yako, katikati ya silinda nne, kuna kigawanyio cha mafuta, sisi karakana tunakiita buibui. Kutoka kwake inatoka mirija minne ya chuma, myembamba kama mirija ya kalamu, kila mmoja unakwenda kwa silinda yake. Angani, hewa inapita kati ya silinda na kuipoza. Ukizima, hewa inasimama, lakini chuma bado kina moto wake wote, na moto hupanda juu, na juu ndiko iliko mirija. Kwa nusu saa ya kwanza, joto ndani ya boneti laweza kuwa kali kuliko ulipokuwa ukiruka. Mafuta yaliyobaki kwenye mirija yanachemka. Mengine yanageuka mvuke, mengine yanasukumwa na mvuke huo yanadondokea kwenye njia ya hewa ya silinda.

Umerudi nusu saa baadaye, umekuta hali mbili kwa wakati mmoja: silinda zina mafuta tayari, na mirija ina mvuke. Wewe ukaongeza mafuta kama ya asubuhi, kisha ukaongeza tena. Hakukuwa na njaa, mwanangu, kulikuwa na shibe. Cheche haiwashi mafuta ya majimaji, inawasha mafuta yaliyochanganyika na hewa kwa kipimo chake.

Kwa injini ya moto ya aina hii: pampu ya umeme usiiguse. Miksha nyuma kabisa. Throto mbele robo inchi, kama unene wa penseli. Zungusha. Ile shibe iliyomo itachanganyika na hewa na itashika yenyewe. Ikishika tu, sukuma miksha mbele bila kurusha na bila kusita. Ikianza kukohoa, ni mvuke unapita kwenye mirija, iguse pampu kidogo mpaka itulie. Alichofanya mwalimu wako mwisho ni dawa ya injini iliyokwisha kufurika: miksha nyuma, throto wazi nusu au zaidi ili hewa nyingi iingie ikaushe, zungusha, na ikishika rudisha throto hapohapo. Ndiyo maana alikanyaga breki vile. Injini inayoshika throto ikiwa wazi inataka kuondoka na nyinyi.

Na stata ipumzishe. Kitabu cha 172S kinasema sekunde 10 za kuzungusha, 20 za kupumzika, mara tatu, kisha dakika 10 nzima stata ipoe. Ilipokuwa nzito ile mara ya tatu ilikuwa inakuambia. Kama ndege yako ni ya mwaka au aina nyingine, soma kitabu chake, usinisome mimi.

---

Mwanafunzi_Mikindani
Jumamosi, saa 4:40 usiku

Shikamoo mzee. Nimesoma mara tatu. Kumbe nilikuwa nikimlisha aliyeshiba.

Nimeingia baridi kidogo kwa sababu nyingine. Wiki jana, asubuhi ya ukaguzi, mimi mwenyewe niliisogeza propela kwa mkono ili nione kama ina mikwaruzo upande wa nyuma. Hakuna aliyeniona.

Alhamisi ijayo nitapanda Cessna 150 ya zamani ya shule, yenye kabureta. Yale ya shibe na mvuke yanahusu na hiyo? Na kama mafuta yale yaliyodondoka yangeshika moto, tungefanya nini? Cheklisti ina mistari ya moto wakati wa kuwasha, nimeikariri, lakini nikiri kwamba sielewi kwa nini inasema uendelee kuzungusha stata. Akili yangu inaniambia nizime nikimbie.

---

Fundi_wa_Magongo
Jumamosi, saa 4:52 usiku

Marahaba mwanangu. Usirudie hilo la kusogeza. Kuangalia nyuma ya panga, wewe ndiye uzunguke, panga libaki lilipo. Ukilazimika kupita karibu, pita kana kwamba injini inawaka. La kabureta nawaachia walimu.

---

Bi_Rubani_Kizingo
Jumapili, saa 1:30 asubuhi

Mwanafunzi_Mikindani, swali lako la moto ni zuri, na afadhali umeliuliza ukiwa umekaa kitini nyumbani. Nafundisha urubani, nilianzia uwanja wa Wilson, Nairobi, nikarudi Pwani, na moto wa kuwasha nimeuona mara moja kwa macho yangu, kwenye 172 ya zamani ya kabureta.

Tofauti ni hii. Kabureta ya ndege hizo iko chini ya injini, na mafuta hunyonywa kwenda juu. Ukiongeza mafuta mengi na injini isizunguke, hayana pa kwenda isipokuwa kurudi chini, kwenye kisanduku cha hewa. Ile praima ya mkono unayoivuta na kuisukuma hupeleka mafuta kwenye njia ya silinda. Wanafunzi wengine, wakiona haishiki, huanza kuisukuma throto mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama wanapiga pampu ya baiskeli. Kila ukiisukuma, kabureta nyingi zina pampu ndogo inayorusha mafuta. Injini ikiwa imesimama mafuta hayo yote hushuka chini. Kisha unazungusha, silinda moja inapiga kinyume kupitia njia ya hewa, na mwali unakuta dimbwi limeshaandaliwa.

Huo mwali uko ndani ya kisanduku cha hewa na kabureta, na ndiyo sababu unaendelea kuzungusha. Injini inayozunguka inavuta hewa kwa nguvu, inaunyonya moto kuingia kwenye silinda, mahali ambapo moto unastahili kuwa. Ukiacha stata, moto unabaki nje, chini ya mafuta na mipira yote. Ikishika, iache kwenye mizunguko 1700 hivi kwa dakika, dakika chache, kisha zima, ikaguliwe. Isiposhika: miksha nyuma kabisa, throto mbele kabisa, endelea kuzungusha, funga mafuta kwenye vali, kisha zima vyote, chukua mtungi wa kuzimia moto, toka. Kaa kwenye ndege iliyofungwa kamba, injini imelala, mikono iende yenyewe, mara kumi. Mimi siku ile sikupata muda wa kufikiri. Mikono ndiyo iliyofanya, na abiria wangu wawili walishuka salama.

Kwa 150 na joto letu, usiige vitabu vilivyoandikwa na watu wa theluji. Wanapiga praima mara nyingi kwa sababu asubuhi yao ni barafu. Asubuhi ya Mombasa ikiwa nyuzi 25, mara moja au mbili inatosha, na injini ikiwa ya moto usipige kabisa. Baada ya praima, isukume mpaka ifungike, igeuze, ivute kidogo uhakikishe imekaa. Ikibaki wazi itaendelea kuvuta mafuta na injini itakwenda kwa kuchechemea.

Jambo la kwetu hasa ambalo wageni kutoka Nairobi hulisahau: Wilson iko futi 5,500 hivi juu ya bahari, Moi ni futi 200. Kule rubani amezoea kuivuta miksha nyuma hata akiwa chini, kwa kuwa hewa ni nyepesi na mafuta yakizidi plagi zinachafuka. Huku chini hewa ni nzito. Akisahau miksha ilipo na kuondoka nayo vilevile, injini inapata joto kubwa katika wakati ambao anaitaka nguvu yote. Na barafu ya kabureta, msicheke. Mafuta yakigeuka mvuke ndani ya kabureta joto hushuka sana, na unyevu wetu unatosha kuganda. Inaweza kutokea hata nje kukiwa na nyuzi 30 na zaidi, hasa ukiwa umepunguza nguvu. Kwa hiyo baada ya kuwasha, kabla ya kuruka, vuta hewa ya moto ya kabureta uone mizunguko inashuka, kisha irudishe.

Na unyevu huohuo huingia kwenye tangi lililojaa nusu. Maji ni mazito kuliko avgas, yaani petroli ya ndege hizi, hukaa chini. Toa sampuli kila tundu, yasubiri yatulie kwenye kikombe, yaangalie kwenye mwanga ukiyainua juu ya kitu cheupe. Yote yawe ya samawati. Tone la maji utaliona limejikunja chini kama shanga ya kioo. Na kikombe kisicho na rangi kabisa kisikufurahishe, huenda umejaza maji matupu, au mafuta ya jeti.

---

Kijana_wa_Eproni
Jumapili, saa 3:10 asubuhi

Waheshimiwa, naomba niseme la sisi tunaosimama nje.

Mimi ndiye naweka kabari kwenye magurudumu na kuziondoa. Ninyi marubani mnapaza ule ukelele wa "kliya propu!" (ondokeni kwenye propela) dirishani, na wengi wenu mnauliza na kujibu kwa pumzi moja. Neno halijafika nje, stata imeshalia. Yule anayelihitaji neno hilo ameinama chini ya bawa anafungua kamba, au ni mtalii ameweka simu usoni anarudi nyuma apate picha ya ndege nzima. Anasikia sauti, anainua kichwa kuuliza "nini?", na kichwa chake kiko palepale. Nawaomba mpaze sauti, kisha mhesabu mpaka tano huku mnaangalia kushoto, mbele, kulia. Na ile taa nyekundu ya juu ya mkia muiwashe kabla ya kupaza sauti, ndiyo inayotuambia mtu amekaa ndani na nia yake ni kuwasha.

Kisha ikishika, propela haionekani. Nyinyi mko nyuma yake mnaona duara la kijivu. Sisi tukiwa mbele na jua limesimama nyuma yetu, hatuoni kitu. Kuna hewa tu. Wenzangu wapya nawafundisha kwa fimbo: ninachora mstari kwa chaki upana wa propela, karibu mita mbili, naongeza mita mbili kila upande, nawaambia hapo pana ukuta.

La mwisho, kabari. Siku moja rubani aliniashiria niondoe kabari ya mbele ilhali injini inazunguka. Nilikataa kwa kichwa. Akakasirika, akazima, nikaitoa, akawasha tena. Alipoteza dakika nne. Baadaye alinipigia simu akaniambia ahsante.

---

Mtwapa_Juu
Jumapili, saa 4:00 asubuhi

Fundi, naomba radhi. Sikujua habari ya waya. Nilidhani ufunguo unazima kama wa gari. Babu yangu alikuwa baharia, alikuwa akituambia rafadha ya mashua haishikwi hata ikiwa nchi kavu, nasi tulidhani ni mambo ya wazee.

---

Mwanafunzi_Mikindani
Jumatano, saa 1:45 usiku

Ahsanteni wote, nimerudi na habari.

Jumatatu nilimwonyesha mwalimu mazungumzo haya. Alisoma kimya, akaniambia niongeze moja alilonifundisha siku ya kwanza nami nikalisahau: redio zote zizimwe kabla ya stata, na injini ikishika jicho la kwanza liende kwenye presha ya oili, ipande ndani ya sekunde 30, la sivyo zima usiulize. Jicho la pili liende kwenye mshale wa umeme, maana stata ikinasa itaendelea kuvutwa na injini, na mshale hautakaa mahali pake pa kawaida.

Leo tulikwenda tena Ukunda kwa makusudi, saa ileile. Tuliegesha pua ikitazama upepo, tukafungua kile kifuniko cha oili, tukangoja dakika 30. Niliwasha mimi. Taa nyekundu. Nikapaza sauti, nikahesabu tano kwa sauti, mwalimu akacheka lakini hakunikatiza. Pampu sikugusa. Miksha nyuma, throto unene wa penseli. Ilizunguka sekunde nne, tano, mkono wangu ukataka kwenda kwenye pampu, nikauzuia. Sekunde ya sita ikapiga silinda moja, kisha mbili, nikasukuma miksha, ikakohoa mara moja nikagusa pampu, ikatulia kwenye mizunguko 900. Oili ilipanda kabla sijahesabu kumi.

Yule mzee alikuwepo. Kabla hatujawasha, mwalimu alimfuata, akamwamkia, akamwomba radhi kwa kumpigia kelele, kisha akafungua boneti akamwonyesha magneto na ule waya. Mzee aliinama akautazama muda mrefu. Akauliza, "Huu tu?" Mwalimu akamwambia, "Huu tu, baba." Mzee akajitazama viganja, akasema yeye amevuta propela kama arubaini hivi maishani mwake na hakuna aliyewahi kumfungulia boneti.

Tulipotua Moi, kabla ya kuzima, nilipeleka ufunguo kwenye kuzima kwa nukta moja. Injini ilitaka kufa, nikaurudisha. Nimeandika kwenye daftari pembeni ya saa 20.

---

Fundi_wa_Magongo
Jumatano, saa 2:20 usiku

Umefanya vizuri, mwanangu. Alhamisi ukifika kwenye ile 150, kabla hujapanda mwambie fundi wa shule akuonyeshe nati za waya za magneto zote mbili, ya kushoto na ya kulia. Usiguse. Mwambie azishike yeye kwa vidole, uone kama zinacheza. Plastiki usiiamini, angalia palepale waya unapoingia.